Kabla Hujanunua Lenzi, Nenda Kigongo

  

Leo nataka tuongee habari ya kupanga safari ya kupiga picha za wanyama. Najua kuna aliyekwisha kusema moyoni, "Hayo si ya kwetu, hayo ya wageni wenye kofia pana na lenzi ndefu kama bomba." Usibadili stesheni bado. Nina swali moja tu. Wewe uliyezaliwa hapa Mwanza, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, una picha ngapi za wanyama ulizopiga kwa mkono wako mwenyewe?

Nimewauliza watu wengi swali hili. Wanazo picha za harusi, za kipaimara, za mahafali ya kidato cha nne. Nyumbu na simba wanao kwenye kalenda ya ukutani, na aliyewapiga picha ile katoka mbali, kaja, kakaa, kaondoka. Jambo hili linaniuma. Haliniumi kwa sababu mgeni kaja. Mgeni karibu sana. Linaniuma kwa sababu sisi tuko jirani na hatuendi, na tunaokwenda turudipo tunaonyesha nukta ya kahawia katikati ya nyasi na kusema, "Yule pale ni simba."

Basi leo nitasema jambo moja, na nitalirudia ili hata anayeingia na kutoka jikoni alipate. Panga muda kabla ya kamera. Watu wengi huanza na kamera. Wanauliza bei, wanakopa, wananunua lenzi, halafu wanaipa safari nzima saa sita za kukimbizana. Geuza mpangilio huo. Muda kwanza.

Nitakupeleka Kigongo, kwenye ghuba ya Ziwa Victoria, uone nina maana gani.

Wengi wetu tunaijua Kigongo kwa foleni. Kabla ya tarehe 19 Juni 2025, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipolizindua Daraja la J.P. Magufuli, ulikuwa huvuki kwenda Busisi bila kusubiri kivuko. Malori yamejipanga, mabasi yamejipanga, abiria tumeshuka. Unanunua yai la kuchemsha na chumvi yake kwenye kipande cha karatasi, unanunua karanga, unaangalia MV Mwanza au MV Misungwi ikigeuka kule ng'ambo polepole. Leo daraja lina urefu wa kilomita 3 hivi na unalipita kwa dakika chache. Mgonjwa anayekimbizwa Hospitali ya Bugando hasubiri tena kivuko, na kwa hilo peke yake daraja linastahili kushukuriwa kila siku.

Lakini foleni ile ilitupa kitu ambacho hatukukijua wakati ule. Tulikuwa tunasimama ufukweni bila kazi, macho yakiwa ziwani. Tuliona.

Mimi ndipo nilipomwona mdiria. Namsema yule wa madoa meusi na meupe, mdogo kuliko njiwa, mwenye mdomo mrefu mweusi. Umewahi kumtazama vizuri? Anasimama hewani juu ya maji. Hasogei mbele, harudi nyuma. Mabawa yanapiga kwa kasi mpaka huyaoni, lakini kichwa kimetulia tuli kama kimefungwa kwa uzi kutoka mbinguni. Mdomo unaelekea chini. Halafu anakunja mabawa na kujiachia kama jiwe. Chubwi! Anatoka na kasamaki, anaruka mpaka kwenye jiti lake, anakapigapiga kwenye jiti, kulia, kushoto, mpaka katulie. Kisha anakageuza na kukameza, kichwa kikitangulia.

Nikaamua nitampiga picha huyu. Siku ya kwanza nilipiga picha zaidi ya mia mbili. Nilipozitazama nyumbani, nyingi zilikuwa za maji matupu yenye duara katikati. Ndege hayumo. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nilichoka kumfuata angani, nikaketi juu ya jiwe na kumtazama tu. Ndipo nikagundua kwamba kila akishika samaki anarudi kwenye jiti lile lile, na anatua akiwa ameelekea upande uleule, upepo ukiwa usoni kwake. Siku ya nne sikumfuata ndege. Nililenga jiti, nikaweka kila kitu sawa, nikasubiri. Alikuja mwenyewe.

Picha ile ipo sebuleni kwangu. Mkia wa samaki unatoka pembeni mwa mdomo, na tone moja la maji linaning'inia.

Umeona sasa kwa nini nasema muda kabla ya kamera? Kamera ilikuwa ileile siku ya kwanza na siku ya nne. Kilichobadilika ni kwamba nilikwisha kumjua ndege. Na simba ni hivyo hivyo, twiga ni hivyo hivyo, kiboko ni hivyo hivyo. Kila mnyama ana jiti lake: ana kivuli anachokipenda, ana njia ya kwenda majini, ana saa yake.

Kwa hiyo safari yako ya Serengeti, ndugu yangu, ianzie Kigongo, au mwalo wowote ulio karibu nawe. Huhitaji kiingilio. Yangeyange wapo, mnandi wapo wanaanika mabawa juu ya mitumbwi, fundichuma yupo anachokoachokoa matope, na ukiwa na bahati furukombe yule mwenye kichwa cheupe atapiga ukelele wake juu ya mti. Kama huna kamera, tumia simu. Kama una darubini, weka jicho la simu kwenye kioo cha darubini uone picha inavyosogea. Inataka mkono usiotetemeka, lakini inawezekana kabisa.

Kuna jambo la mwanga hapa nataka ulishike. Kigongo iko upande wa mashariki wa ghuba, Busisi upande wa magharibi. Asubuhi ukisimama Kigongo ukitazama maji, jua liko mgongoni kwako, nalo linammulika ndege vizuri mpaka rangi ya jicho. Jioni jua linazama upande wa Busisi, liko machoni pako, na ndege yuleyule anakuwa kivuli cheusi kwenye maji ya dhahabu. Zote mbili ni picha. Lakini ni lazima ujue unataka ipi, ndipo upange saa ya kwenda. Kwetu hapa jua huchomoza kati ya saa 12 na dakika 20 hivi na saa 1 kasoro asubuhi, mwaka mzima, kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Kwa karibu saa mbili mwanga unakuwa laini, wa rangi ya asali. Ikifika saa 4 jua linakuwa kali, nyuso za wanyama zinajaa vivuli vyeusi, na wanyama wenyewe wanaingia mitini kulala.

Na tahadhari, nakuomba uisikilize vizuri. Usiingie majini kwa ajili ya picha. Najua ukipiga ukiwa chini, usawa wa maji, ndege anapendeza zaidi. Lakini maji ya kina kifupi ya ziwa letu yana kichocho, tunakijua tangu shuleni. Kuna mahali pana mamba na kiboko pia. Lala tumbo juu ya jiwe kavu, inatosha. Darajani nako usisimamishe gari kupiga picha. Na mvuvi si mnyama. Muulize kwanza, msalimie kwanza, ndipo unyanyue kamera.

Haya, tumefanya mazoezi. Sasa twende mbele kidogo.

Kituo cha pili ni Saanane, kisiwa kilekile unachokiona ukiwa Capri Point, hapa Mwanza. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini, ikibeba jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa mvuvi na mkulima pale kisiwani. Boti ni dakika chache. Pale utapata pimbi wanaota jua juu ya mawe, swala pala, na mjusi mmoja ninayempenda sana, dume lake lina kichwa cha rangi ya waridi iliyoiva na mwili wa buluu. Wataalamu wamempa jina la kisayansi linalotokana na mji wetu, Agama mwanzae. Ni mnyama mwenye jina la Mwanza, anayekaa dakika nzima bila kutikisika, na wewe hujawahi kumpiga picha! Mpe asubuhi moja.

Kituo cha tatu ndicho daraja lilichotusogezea: Kisiwa cha Rubondo. Unavuka Kigongo, unapita Sengerema, unafika Geita, halafu unakwenda kupanda boti Nkome, au unaendelea hadi upande wa Chato na kupandia Kasenda. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Simba hawapo, chui hawapo, kwa hiyo unatembea kwa miguu pamoja na askari wa hifadhi. Yupo nzohe, swala wa matete mwenye kwato ndefu za kukanyagia tope, na wapo sokwe.

Habari za sokwe hawa huwa nazisimulia sana. Si wenyeji wa kisiwa. Waliletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya, kwa juhudi za mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na shirika la wanyama la Frankfurt. Walikuwa wamezoea vizimba, wakaachiliwa msituni, wakajifunza upya kutafuta matunda na kujenga viota vya kulalia. Watoto na wajukuu wao leo ni sokwe wa porini kamili. Lakini kwa mpigapicha nakwambia kweli: msitu wa Rubondo ni mnene na giza. Kwenda siku moja kuwatafuta sokwe na kutegemea picha ni kujidanganya. Siku tatu, nne, hapo unaweza kuanza kutumaini. Tunarudi palepale: muda.

Sasa Serengeti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko watu wengi wanakotupa fedha.

Mara yangu ya kwanza tulikwenda watu tisa ndani ya gari moja. Tulitoka Mwanza alfajiri, tukafika getini saa 3 kasoro, tukamaliza malipo, tukaingia jua limeshakuwa kali. Mmoja alitaka simba, mwingine tembo, mwingine alitaka kuona kila kitu arudi kazini kesho yake. Dereva wa watu alikimbia kutwa nzima. Kila tukisimama, wanne upande wa kulia wanaona, watano upande wa kushoto wanaona migongo ya wenzao. Nilirudi na vumbi kwenye lenzi na picha za masikio ya shangazi.

Sikiliza nilivyokuja kupanga baadaye. Kwa anayelala ndani, kibali cha kuingia Serengeti huhesabiwa kwa saa 24. Ukiingia alfajiri na kutoka jioni, umepata saa 12 tu, na katikati umekaa na jua kali lisilofaa. Lakini ukiingia saa 8 mchana na kutoka kesho yake kabla ya saa 8, umepata jioni moja na asubuhi moja, kibali kikiwa kilekile. Unaona hesabu hiyo? Utaongeza gharama ya kuweka hema kambini, ndiyo. Uliza mapema kambi za upande huu wa magharibi, weka nafasi, beba chakula chako. Getini fedha taslimu hazipokelewi. Utalipa kwa kadi au kwa kontroo namba, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji na akaunti ina kitu. Kiingilio chetu sisi Watanzania ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni. Kinachokula fedha ni gari na mafuta. Basi tafuta wenzako watatu, muwe wanne, kila mtu na dirisha lake. Na wawe watu wanaoweza kukaa kimya nusu saa. Hilo la ukimya ni muhimu kuliko urafiki.

Uende lini? Nyumbu hawana kalenda, wanafuata mvua na majani. Kwa kawaida Januari hadi Machi wako kusini, tambarare za Ndutu, wanazaa. Julai hadi Oktoba wengi wako kaskazini, Mto Mara. Katikati ya hapo, Mei hadi Julai, makundi hupita upande wetu, ukanda wa magharibi, kwenye Mto Grumeti wenye mamba wakubwa. Na Juni shule zimefungwa! Mzazi unayesikiliza, umenipata? Ila ujue udongo wa ukanda huu ni ule mweusi wa mbuga. Kila aliyelima mpunga au pamba Usukumani anaujua. Ukilowa, gari dogo halitoki. Mvua ikichelewa kukatika, ahirisha, usibishane na udongo ule.

Vaa nguo za khaki au za rangi ya udongo. Usivae buluu iliyokolea wala nyeusi, kwa sababu mbung'o wanazipenda rangi hizo. Hata mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi.

Vifaa? Kamera uliyonayo. Betri za akiba, kadi mbili badala ya moja, mfuko wa plastiki wa kufunika kamera barabara ya vumbi. Na kitu kimoja hukipati dukani: mshonee fundi kitenge kiwe mfuko mdogo, saizi ya mto wa mtoto, ujaze mchele kilo mbili. Uweke dirishani, ulalishe lenzi juu yake. Mkono hautetemeki tena. Mchele wenyewe ukirudi unapikwa, haupotei.

Na dereva. Jioni ya kabla ya safari, kaa naye, kunywa naye chai, mwambie: "Kaka, sikimbilii kuona wanyama wote. Nataka mahali pa kukaa." Mwambie akisimama azime injini, kwa sababu gari likinguruma lenzi inatikisika. Mwambie asimame jua likiwa nyuma yetu. Dereva akikuelewa, nusu ya picha imeshapatikana. Na usimshawishi kamwe atoke nje ya barabara ili umsogelee mnyama. Mwezi Julai 2025 tuliona video kutoka Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, watu wameshuka kwenye magari na kujipanga kwenye ukingo wa mto, nyumbu wanataka kupanda wanakuta ukuta wa watu na simu. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ililikemea jambo lile, na mimi lilinichoma. Mnyama kasafiri mwezi na zaidi kufuata majani, kavuka maji yenye mamba, halafu anazuiwa na mtu anayetaka picha. Picha ya namna hiyo mimi siitaki hata bure. Ndege isiyo na rubani nayo usiibebe hifadhini bila kibali.

Kuna msikilizaji aliwahi kuniambia, "Hata tukipiga, nani atazitazama?" Nilimkumbusha mpigapicha Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi, akakulia Dar es Salaam, akaanza na kamera ya kawaida kabisa akiwa mtoto wa shule. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliutikisa ulimwengu mzima. Hakusubiri mtu ampe ruhusa ya kuitazama Afrika Mashariki kwa jicho lake. Na watazamaji wako wa kwanza ni wanao. Mtoto wa Misungwi akiona ukutani kwao nyumbu aliyepigwa picha na baba yake au shangazi yake, atauliza maswali ambayo kalenda ya dukani haijawahi kumfanya aulize.

Muda wetu unakwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Narudia kwa aliyechelewa: muda kabla ya kamera. Anza ufukweni kwako, nenda Saanane, kisha ndipo Rubondo au Ndabaka, kwa siku ulizozitenga kweli, wala si kwa siku uliyoiiba katikati ya wiki.

Mimi Jumamosi hii, saa 12 na robo asubuhi, nitakuwa Kigongo, upande wa ufukwe ilipokuwa ikijipanga foleni ya malori. Nitakuwa na mfuko wangu wa mchele na chupa ya chai. Wiki iliyopita mawimbi yaliliyumbisha jiti la mdiria, sijui kama bado limesimama. Ukinikuta, nisalimie kwa sauti ya chini, uketi.